Mazishi Niliyoyasikia Bustanini

Mama alifariki Jumanne, tukakubaliana na kaka yangu kwamba azikwe Jumamosi. Nasema tulikubaliana, lakini ukweli ni kwamba kaka alinieleza nami nikasema sawa. Yeye alikuwa nyumbani, milimani Taita, na ndiye aliyekuwa akitafuta jeneza, mahema na mchungaji. Mimi nilikuwa Birmingham, mwaka wangu wa nne, na sikuwa na cha kutafuta.

Habari ilinikuta kazini. Nilikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee huko Sutton Coldfield, na asubuhi ile nilikuwa nimemkalisha bibi mmoja kwenye kiti cha kuogea, maji yameshachanganywa, sabuni mkononi. Simu yangu ilikuwa mfukoni, imezimwa sauti. Ikatetemeka pajani, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Watu wa nyumbani hawakuwa na kawaida ya kunipigia. Mimi ndiye niliyewapigia, kila Jumapili mchana. Kwa hiyo nilijua. Nilimaliza kumwogesha yule bibi, nikamkausha katikati ya vidole vya miguu kama tulivyofundishwa, nikampaka mafuta, nikamvalisha, nikamsukuma hadi sebuleni na kumfunika magoti kwa blanketi. Ndipo nilipoingia choo cha wafanyakazi nikampigia kaka.

"Mama ametutoka," alisema. "Saa moja asubuhi. Alikuwa anachemsha maziwa."

Nikamwuliza alikuwa na nani.

"Alikuwa na mtoto."

Huyo mtoto alikuwa binti yangu. Nilimwachia mama akiwa na miaka minne, siku nilipoondoka kuja kusomea uuguzi, na sasa alikuwa na minane. Kaka alisema mtoto alizima jiko kwanza, kisha akakimbia kwa jirani. Alilisema hilo kama sifa. Nikabaki nimeegemea ukuta wa choo nikimwaza mtoto wa miaka minane anayekumbuka kuzima jiko.

Kwenda nyumbani sikuweza. Viza yangu ya masomo ilikuwa imekwisha, nikaomba niongezewe, na pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji kwa zaidi ya mwaka mmoja. Siku iliyofuata nilimpigia wakili. Alikuwa mwanamke mpole, na aliniambia pole mara mbili kabla ya kunieleza. Nikiidai pasipoti, alisema, itahesabiwa kwamba nimeliondoa ombi langu mwenyewe. Nitaweza kuondoka, lakini kurudi sahau. Na nisiporudi, mpango wa kumleta binti yangu nao umekufa.

"Ni uamuzi wako," alisema. "Mimi siwezi kukuamulia."

Nilikuwa nimesimama kituo cha basi. Niliuamua palepale, kabla basi halijafika, na tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi kwa nini haukunichukua muda zaidi.

Nilikuwa naishi Shard End, katika nyumba ya baraza la jiji ya zamani ambayo mwenyewe alikuwa ameigawa vyumba. Chumba cha mbele alikaa mama mmoja wa Uvira na watoto wake wawili. Tulikuwa tumezoeana. Aliniita yaya, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, ingawa sidhani nilimpita hata miaka miwili. Nilipomwambia, alikaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kanga.

"Bataweza kumuzika mama bila weye?" akauliza.

"Wataweza."

"Basi tufanye matanga hapa. Watu ba kanisa bakuje, tuimbe. Mutu halii yeye peke yake, yaya."

Nikamshukuru, nikakataa. Sikutaka watu. Nilijua wangekuja na sufuria za wali na kukaa hadi jioni, wangeniuliza mama aliugua nini, kisha mmoja angeuliza tiketi ya ndege ni ya lini. Nilimwambia tutafanya baadaye. Aliniangalia, na jioni akaniletea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na dagaa akaiacha mlangoni.

Kaka na mimi tukapanga hivi. Jumamosi, ibada ya nyumbani ikiisha na mwili ukipelekwa kaburini, saa sita mchana kwao, saa nne asubuhi kwangu, nitampigia. Yeye ataishika simu juu ili nisikie. Kule kwetu wakati ule mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Sebuleni haukushika kabisa. Lakini kaburi lilikuwa limechimbwa ukingoni mwa migomba, karibu na mwamba ambao watu wa mtaa mzima walikuwa wakiupanda kupiga simu, na kaka alisema hapo tutakuwa salama.

Nilikuwa nimekusudia kusikiliza nikiwa chumbani, mlango nimeufunga. Jumamosi saa mbili na nusu wakaja mafundi wa mwenye nyumba kubomoa bafu. Bafu lilipakana na chumba changu. Walianza na vigae, kwa nyundo na patasi, na kuta za nyumba ile zilikuwa kama karatasi. Nilivumilia nusu saa. Kisha nikavaa koti, nikachukua simu na kadi mbili za kukwangua za kupigia nje, nikatoka.

Bustani ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Haikuwa bustani ya kujivunia: uwanja wa nyasi, bembea mbili, njia ya lami inayopinda kuelekea mtoni, na miti ya cheri safu mbili iliyopandwa kandokando ya njia na watu wa baraza, zamani, nyumba zile zilipokuwa mpya. Mwaka mzima hakuna aliyeitazama. Lakini wiki mbili za Aprili ilikuwa ikichanua yote kwa pamoja, maua ya rangi ya waridi iliyopauka, mengi hata matawi hayaonekani.

Mwaka uliotangulia nilipigwa picha chini ya miti ile, nimevaa koti jekundu, nikamtumia mama. Jumapili iliyofuata aliniuliza, "Hii miti inazaa nini?"

"Haizai kitu, mama. Ni maua tu."

"Yote hiyo?"

"Yote."

"Basi wameipandia nini?" Akacheka, nami nikacheka, na kadi ikaisha tukiwa bado tunacheka.

Jumamosi ile mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Benchi zilikuwa na maji na petali zimegandamana juu yake kama karatasi zilizolowa. Nilifuta sehemu kwa mkono wa koti, nikakaa. Kulikuwa na mwanamke mmoja anatembeza mbwa kule mbali, na mzee wa Kisingasinga kwenye benchi ya upande wa pili wa njia, kilemba cha buluu, mikono yote miwili juu ya mkongojo. Nyuma yake mto. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikafurahi kwamba ni kimya, kisha nikaona aibu kufurahi.

Kaka alipokea mlio wa kwanza. "Tumefika," alisema kwa sauti ya chini. "Usiongee. Sikiliza tu."

Kwanza nilisikia upepo. Kisha nyimbo, zikija na kuondoka, kwa sababu kaka alikuwa anabadilisha mkono. Nilizitambua sauti za akina mama wa kanisani kwetu, hasa mmoja ambaye siku zote alichelewa kumaliza beti. Mchungaji akasali. Akaja mshereheshaji, akaanza kuwasimamisha watu kwa makundi: ndugu za marehemu, wakwe, watoto. Niliisikia sauti yake wazi kabisa, alikuwa na kipaza sauti.

"Marehemu alijaliwa watoto wawili. Wa kwanza yuko Uingereza, ameshindwa kufika. Wa pili yuko nasi hapa."

Kaka lazima alisogea mbele kusimama, na simu akampa mtu amshikie, maana upepo ulikoma na nikasikia watu wakipumua karibu. Walikuwa wanawake wawili. Hawakujua kwamba simu ile ina mtu ndani.

"Ameshindwa vipi? Si kuna ndege kila siku."

"Wakifika kule wanasahau."

"Hata mama mzazi?"

"Mtoto wake mwenyewe amemwacha, sembuse mama."

Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama watu wanaozungumzia bei ya sukari. Sauti moja niliifahamu. Alikuwa ametufundisha katekisimu, mimi na kaka. Nilitaka kusema, "Nipo hapa, nawasikia," lakini kaka alikuwa ameniambia nisiongee, na ningesema nini baada ya hapo? Nikaziba mdomo kwa mkono, nikaendelea kusikiliza.

Wakamwita mjukuu asome salamu. Sikuwa nimeambiwa kwamba binti yangu atasoma. Kulikuwa na kimya, nadhani walikuwa wanamshushia kipaza sauti. Kisha akaanza, kwa ile sauti ya watoto wa shule wanaposoma mbele ya darasa, kila neno likipewa nguvu sawa na lingine.

"Bibi yangu alinilea. Alinipeleka shule. Alinisuka nywele kila Jumapili. Nilipougua alinibeba mgongoni hadi zahanati. Watu wakiniuliza mama yako yuko wapi, nilikuwa nawaambia ni huyu. Bibi, lala salama. Sasa sijui nitasema ni nani."

Watu wakalia. Nilisikia kilio kikipanda kwa pamoja, nikasikia mchungaji akijaribu kuanzisha wimbo, na katikati ya wimbo ile sauti ya mashine ikaingia ikaniambia nimebakiwa na dakika moja. Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, kana kwamba ningeifikia. Nilisikia kamba zikisuguana na mbao. Jeneza lilikuwa linashuka. Kisha simu ikafa.

Nilikwangua kadi ya pili kwa ukucha. Mikono ilikuwa imelowa na ile rangi ya fedha ikatoka pamoja na namba. Tarakimu mbili hazikusomeka. Nikabahatisha. Mashine ikakataa. Nikabahatisha tena, ikakataa, na mara ya tatu ikaniambia nimpigie muuzaji. Nikakaa kwenye benchi pale pasipofutwa, nikalia kwa sauti, kama nilivyokuwa sijalia tangu Jumanne. Niliita mama. Nilisema nisamehe. Nilisema maneno ya Kitaita ambayo nilikuwa sijayatamka kwa miaka minne.

"Mama," mtu akasema. "Mama, pole."

Nilidhani nimesikia vibaya. Yule mzee alikuwa amevuka njia na kusimama mbele yangu, petali mbili zimenasa kwenye ndevu zake nyeupe.

"Nani nakufa?" akauliza.

"Mama yangu."

"Nazika leo?"

"Sasa hivi. Simu imekatika."

Akatikisa kichwa taratibu, akakaa kando yangu bila kufuta maji. Kiswahili chake kilikuwa kilekile nilichokisikia utotoni kwa wenye maduka wa Voi, maneno yamekatwa vichwa lakini yanatembea. Alisema alizaliwa Nakuru, baba yake fundi wa reli, na yeye mwenyewe fundi wa reli hadi alipokuja Uingereza. Hapa alifanya kazi kiwandani mpaka alipostaafu. "Hii lugha, mimi hapana sema na mtu siku mingi," alisema. "Bibi yangu alikuwa nasema. Yeye nakufa miaka mbili sasa. Mtoto hapana jua." Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu ya mkononi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Kijana yangu nanunua. Mimi hapana jua tumia. Wewe piga."

Nilimwambia kupiga Kenya kwa simu ile moja kwa moja ni ghali mno.

"Piga," akasema, akaniwekea simu mapajani.

Nikapiga. Ilichukua muda kushika. Kaka alipopokea nilisikia vyombo, watu wakizungumza, mtu akicheka mahali fulani nyuma.

"Tumeshamaliza," alisema. "Watu wako kwenye chakula. Ulisikia vizuri?"

"Nilisikia. Udongo sikuusikia."

"Pole. Lakini tulimzika vizuri. Ungeona watu."

Sikumwambia habari za wale wanawake, na hadi leo sijamwambia. Nilimwomba anipe mtoto. Nikasikia simu ikipita mikononi mwa watu, kisha pumzi.

"Shikamoo," binti yangu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia ukisoma. Umesoma vizuri sana."

Nilisikia akiihamishia simu sikio la pili.

"Umekula?"

"Bado."

"Utakula?"

"Ndiyo." Kisha, kwa sauti ileile aliyosomea, "Utakuja lini?"

Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo. Kwa miaka minne bibi yake ndiye aliyeuliza kwa niaba yake, na mama alijua kuuliza kwa namna inayoniachia mlango wa kutokea. Sasa hapakuwa na mtu katikati yetu.

"Mwezi wa nane," nikasema.

"Mwezi wa nane huu?"

"Huu huu."

"Sawa," akasema, akamrudishia kaka simu. Kaka alisema mtandao unasumbua, tutaongea Jumapili.

Nilimrudishia mzee simu yake. Aliizungushia mfuko wa nailoni, akafunga fundo, akairudisha ndani ya koti. Alichukua muda mrefu kufanya hivyo.

"Mwezi ya nane wewe nakwenda kweli?" akauliza.

"Hapana."

Alitazama mtoni. "Mimi andikia mama yangu barua. Kila barua naweka, mwaka kesho nakuja. Mwaka kesho nakuja. Miaka kumi na moja. Halafu telegramu nafika."

"Alikuwa anakuamini?"

"Sijui. Yeye hapana jua soma. Dada yangu nasoma kwa yeye." Akapangusa petali gotini. "Labda dada hapana soma hiyo maneno. Labda naruka."

Tulikaa. Upepo ulikuwa unapita juu na petali zikawa zinatuangukia mabegani, kwenye viatu, kwenye maji ya benchi. Mwanamke wa mbwa alipita akatuambia kwa Kiingereza kwamba ni uzuri wa ajabu, sivyo? Mzee akamjibu kwamba ni kweli, uzuri wa ajabu. Alipokwisha kwenda mzee akainuka, akaegemea mkongojo wake.

"Ambia mtoto kweli," alisema. "Mapema. Wewe ngoja, nakuwa mbaya."

Nilisema nitamwambia.

Nilirudi nyumbani saa saba. Mafundi walikuwa wamekwenda kula, bafu liko wazi, vumbi jeupe hadi ngazini. Yule dada wa Uvira alikuwa ameshaanza kufagia. Aliniangalia, akaweka fagio chini, akanishika mkono akanipeleka jikoni, na bila kuniuliza akaimba wimbo mmoja wa kwao wa msiba, taratibu, huku anachambua maharage. Watoto wake walikuja mlangoni wakasimama. Hayo ndiyo matanga niliyomfanyia mama yangu.

Jumapili iliyofuata nilipiga simu. Binti yangu aliniambia amechora kalenda nyuma ya daftari na anakata siku. Nikajiambia wiki ijayo. Wiki iliyofuata aliniuliza kama Uingereza kuna rangi za kuchorea zenye boksi la bati, kama nitaweza kumletea. Nikasema ndiyo. Aprili ikaisha, ikaja Mei, na kila Jumapili niliishika simu nikiwa na sentensi tayari mdomoni, nikaikata simu nikiwa bado nayo. Kazini redio ya jikoni ilikuwa haina habari nyingine ila kiwanda cha magari cha Longbridge kilichofungwa, na wanaume wazima waliokuwa wakijibu kila swali kwa kusema hawajui watawaambia nini nyumbani. Niliwaelewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Mzee nilimwona bustanini mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza maua yalikuwa yameanguka yote, yamekuwa matope ya kahawia kandokando ya lami. Aliniuliza kama nimemwambia mtoto. Nikasema bado. Mara ya pili, mwezi wa sita, hakuuliza. Tulizungumza habari za Nakuru, za treni za makaa ya mawe, za mkewe aliyekuwa akipika ugali kila Jumatano hadi mwisho wa maisha yake na majirani wakadhani ni chakula cha Kipunjabi. Sikuwahi kumwuliza anaishi mtaa gani, na sikumwona tena. Mwaka uliofuata, miti ilipochanua, nilikwenda Jumamosi mbili mfululizo nikakaa kwenye benchi ileile saa zile zile. Walikuja watu wengine.

Mwezi wa nane ulifika. Sikupiga simu Jumapili ya mwisho ya Julai, nikijidanganya kwamba nina zamu. Kaka ndiye aliyenipigia, Jumatano.

"Uliwahi kumwambia mtoto kwamba unakuja?"

Nikaketi kitandani.

"Juzi, tarehe moja, alivaa gauni lake la kanisa akakaa barazani tangu asubuhi. Tukadhani anacheza. Jana akavaa tena. Leo mke wangu amemwuliza, ndipo amesema." Akashusha sauti. "Kwa nini hukuniambia mimi angalau?"

Nilimwomba ampe simu. Nilisikia akimwita, nikasikia miguu, kisha kaka akarudi peke yake. "Amesema ana kazi," alisema.

Alikuwa na kazi kila Jumapili kwa miezi saba. Baadaye alianza tena kuja kwenye simu. Alinisalimu kwa heshima, alinieleza alama zake za mtihani, alinishukuru kwa viatu. Hakuniuliza tena nitakuja lini.

Karatasi zangu zilitoka nikiwa karibu kutimiza mwaka wa sita. Bahasha ilikuwa nene, pasipoti ndani yake, na barua ambayo niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Wakili alifurahi kuliko mimi. Alisema sasa tunaweza kuanza ombi la mtoto, na akanipa orodha ya vitu vya kuleta. Nilikata tiketi ya wiki tatu.

Nilifika nyumbani alasiri. Kaka alinipeleka kaburini kwanza. Walikuwa wamelijengea kwa saruji, na migomba ilikuwa imekua ikalifunika nusu. Nilitaka kulia nikashindwa; nilikuwa nimeshalia mahali pengine. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yetu na sare ya shule, miaka kumi sasa, mrefu hadi begani kwangu, na nywele amezinyoa.

Nilimkumbatia. Alikubali kukumbatiwa, kama mtoto anavyokubali kwa rafiki wa wazazi.

Siku ya nne tulikaa mimi na yeye sebuleni nikamweleza yote: pasipoti, wakili, ule mwezi wa nane. Nilimwambia nilimdanganya na nilijua wakati ule kwamba ninamdanganya. Alisikiliza akiwa ametazama mikono yake. Nikamwambia kwamba sasa njia iko wazi, anaweza kuja kuishi nami, kuna shule nzuri, kuna chumba.

"Ni lazima?" akauliza.

"Si lazima."

"Mjomba amesema nikitaka naweza kubaki hapa."

"Na wewe unataka?"

"Ndiyo," alisema. Akaongeza haraka, kana kwamba ameogopa amenikosea adabu, "Lakini asante."

Nilimwambia sawa. Nilimwambia ataweza kubadilisha mawazo wakati wowote, na hilo lilikuwa kweli kwa sheria, kwa miaka minane zaidi. Hajabadilisha. Yuko sekondari ya bweni sasa, na anasema atasomea uhandisi wa maji.

Alasiri ile, tulipomaliza kuzungumza, aliinuka akaenda jikoni. Nilimsikia akiwasha jiko, akimimina maziwa, akisubiri. Alirudi na sinia lenye kitambaa cha kufuma cha mama yangu. Juu yake kulikuwa na birika, biskuti nne kwenye kisahani, na kikombe kile cha maua ya dhahabu ambacho mama alikuwa akikifungia kabatini kwa ajili ya mchungaji na wageni kutoka mbali. Alinimiminia, akanikaribisha, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama akingoja nionje.

"Sukari inatosha?" akauliza.

Nilisema inatosha.